Kompyuta Isiyojibu

Sisi watu wa Karelia tunaongea. Hilo sibishani na mtu. Mama yangu aliongea na ng'ombe, aliongea na tanuri, na unga wa piirakka, vile vipai vyetu vya wali, ukikataa kukandika aliugombeza mpaka ukaona haya. Vita na Warusi vilipowaondoa watu wetu kwao mashariki, wakaletwa huku Häme, ndani zaidi ya Finland, kati ya watu ambao ukiwasalimia asubuhi wanakujibu mchana. Maskini mama aliteseka. Mimi nimezaliwa huku, nimezeekea huku huku mjini Forssa, na bado sijazoea.

Kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwamba jirani yangu Veijo Lammela, ambaye mlango wake unatazamana na wangu ghorofa ya tatu, sikumpenda kwa miaka mingi. Hakuwahi kunikosea, na huo ndio ulikuwa ubaya wake: hakuwahi kunifanyia lolote. Ukimwambia, "Leo baridi kweli, jirani," anatazama nje. Ukimwambia, "Nasikia lifti itatengenezwa," anaingia kwenye lifti. Marehemu mkewe, Aune, ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili. Alipofariki, ngazi zetu zikapoa. Nikaamua kwamba yule mzee ana kiburi, hanipendi, nami simpendi, ngoma droo.

Sasa nije kwa dada yangu. Saimi alikwenda Sweden tukiwa wasichana, kufuma nguo katika viwanda vya Borås, kama walivyofanya wasichana wengi wa Forssa siku zile. Mimi nikabaki na mitambo ya hapa. Yeye akaolewa kule, akasema Kiswidi miaka nenda miaka rudi, mpaka akawa anakikosoa Kifini changu. Leo ni mjane, anaishi kwenye nyumba ya wazee, na akili yake imeanza kumtoka. Ilipoanza kutoka ilitangulia na Kiswidi. Chote! Aliamka asubuhi moja hana hata neno la kuombea maji. Kilichobaki ni Kifini chetu cha nyumbani, cha mama, na pale alipo hakuna anayekijua. Ebba, muuguzi wake, ana roho safi kabisa, lakini kwa Kifini anajua "asante" na "kahawa," basi.

Hebu fikirieni kukaa kutwa kucha kati ya watu wanaokupenda na usielewe hata neno lao moja.

Ndiyo maana Jumapili alasiri ni yetu. Ebba anamwekea kishikwambi mezani, mimi nafungua kompyuta yangu jikoni, tunaonana. Simu ya kawaida haimfai, kwa sababu masikio yake hayasikii mpaka macho yaone midomo, na simu yangu ni ya vibonyezo, ya kupigia na kupokelea tu. Kwenye kompyuta ananiona, ananisikia. Siku nyingine jina langu linampotea, ananiita Mama. Lakini liko jambo moja ambalo halijampotea hata siku moja, nalo ni ugomvi. Tulipokuwa wadogo, birika jipya la kahawa la mama lilitumbukia kisimani. Mama akauliza nani. Mimi nikasema Saimi, Saimi akasema mimi, tukachapwa wote wawili. Tumezeeka tukibishania birika hilo. Kila Jumapili namchokoza: "Dada, na lile birika la watu ulilolitumbukiza?" Na yeye, hata siku ambayo hajui yuko nchi gani, anakunja uso na kufoka: "Muongo we! Ni wewe!" Hapo nafurahi, kwa sababu najua dada yangu bado yumo mle ndani.

Basi kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Ilianza kuniletea maneno kwenye skrini: mfumo huu umepitwa na wakati, hautahudumiwa tena, tafuta mashine mpya. Nikawa nayafunga maneno hayo kila yanapotokea, kama mtu anayefukuza nzi. Jumapili moja mwisho wa mwezi wa nne, Saimi akiwa anafungua mdomo kunijibu kuhusu birika, uso wake ukaganda. Halafu skrini nzima ikawa nyeusi. Nikabonyeza, nikagonga, nikabembeleza, nikatukana kwa Kikarelia, lugha ambayo kwa matusi ni tajiri mno. Wapi!

Fundi wa dukani aliitazama kama samaki wa juzi. "Mama, ndani haijaharibika sana, ila mfumo wake umekufa, na mpya haiuwezi," akasema. "Hii tupa."

Nitupe halafu ninunue kwa pesa gani? Pensheni yangu naijua mwenyewe, tuyaache hayo.

Jumanne Ebba akanipigia simu. Kiswidi changu ni kile cha shuleni, cha kuokoteza, lakini aliyoyasema niliyaelewa vizuri kuliko nilivyopenda.

"Bi Irja, Jumapili uliondoka ghafla."

"Mashine ilikufa, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Alikaa mbele ya kishikwambi mpaka jioni. Tukitaka kukiondoa analia. Na tangu juzi amekataa kula. Akiona kijiko anafunga mdomo. Anakunywa maji kidogo tu. Daktari anasema tusimlazimishe. Lakini Jumapili hii utakuwepo, Bi Irja?"

"Nitakuwepo," nikasema.

Nikaweka simu chini na kujiuliza nitakuwepo kwa njia gani, kwa kuruka?

Najua mtaniuliza kwa nini nisiazime kompyuta ya mtu. Sikilizeni. Mimi kuongea naongea, ila kuomba siombi. Huku kwetu mtu akikufanyia hisani umebeba deni la shukrani, na deni hilo linakaa shingoni mpaka ulilipe. Sisi watoto wa wakimbizi ndio tumezidi. Mama alikuwa akisema, "Tuliomba ardhi, tukapewa. Inatosha. Tusiombe tena kitu." Akafa bila kuomba hata chumvi. Nimerithi mdomo wake, na shingo yake ngumu nimeirithi pia.

Jumatano jioni kulikuwa na msaragambo wa jengo letu, ule wa kila masika: theluji ikishayeyuka tunatoka wote na reki, tunakusanya majani yaliyooza, tunaosha mapipa, kisha tunachoma soseji na kunywa kahawa uani. Hakuna anayelipwa wala anayeamrishwa, na usipotoka hakuna atakayekusema, isipokuwa wote watajua. Nikatoka na reki yangu na kisa changu. Siombi, nasimulia tu! Nikawasimulia wote: Saimi, kijiko, skrini nyeusi, fundi na samaki wake. Watu wakasema "Pole sana, Irja," wakapaka haradali kwenye soseji. Veijo alikuwa karibu nami tangu mwanzo, amenipa mgongo, anavuta majani. Nilipomaliza, hakugeuka hata kidogo. Nikasema moyoni, haya basi, nimesimulia mpaka mawe yamesikia.

Alhamisi asubuhi kengele ya mlango ikalia. Veijo. Mkononi ana kimfuko cha plastiki, ndani mna flashi ndogo.

"Jaribu," akasema.

"Nini hii?"

"Linux."

"Ndiyo nini?"

Akafikiri kwa muda mrefu, nikadhani amesinzia akiwa wima. "Mfumo mwingine. Chomeka kabla hujaiwasha. Ikianza, bonyeza kitufe cha F12. Chagua flashi."

"Sasa bwana Veijo, nakulipa nini?"

"Hakuna."

"Hakuna cha bure duniani!"

"Hii ni ya msaragambo," akasema, akaingia kwake na kufunga mlango taratibu.

Nikakaa na kile kidude kama mtu aliyeokota yai la ndege asiyemjua. Nilikuwa nimesikia jina, nani hapa Finland hajalisikia, ilianza kwa mwanafunzi mmoja wa Helsinki, watu wa dunia nzima wakaiendeleza bila malipo. Lakini nilidhani ni kitu cha wahandisi, si cha bibi aliyestaafu kwenye mitambo ya kufuma. Nikachomeka. Nikabonyeza. Maandishi meupe yakakimbia kwenye weusi kama nyuzi zinazokatika, nikasema sasa nimeilipua kabisa, niondoke jikoni. Mara ikatulia. Ikaniuliza lugha yangu. Nikachagua Kifini, ikanijibu kwa Kifini! Halafu ikaniwekea njia mbili: jaribu, au weka. Mimi niliambiwa jaribu. Nikabonyeza "jaribu."

Ngoja niwaambie, ile mashine ya kutupa iliamka kama ng'ombe wa masika siku wanapofunguliwa zizi baada ya majira yote ya baridi. Niligusa hiki, kikafunguka. Niligusa kile, kikafunguka. Ijumaa nzima nilikuwa nayo. Nikaunganisha intaneti. Nikakuza herufi. Nikaweka picha ya shamba la baba, nikatafuta ukurasa wa kumpigia Saimi na kuuhifadhi mahali pazuri juu. Nikafungua kamera, nikauona uso wangu mwenyewe na nywele zimesimama, nikacheka peke yangu. Kitu kimoja tu kiligoma: sauti. Midomo ilicheza, hakuna kinachosikika. Nikasema hilo tutaliona kesho. Nikaizima kwa adabu, nikakanda unga wa pulla, mikate mitamu ya iliki, nimpelekee Veijo kulipa deni langu mapema.

Jumamosi asubuhi nikaiwasha. Ikaniuliza lugha yangu.

Nilidhani inatania. Nikachagua. Herufi ndogo, shamba la baba halipo, intaneti haipo, ukurasa wa Saimi haupo. Ilikuwa inanikaribisha kwa upole kabisa, kana kwamba hatujaonana kamwe. Na mimi naujua upole huo. Ndio upole wa Saimi siku mbaya, anaponiuliza, "Wewe ni nani, mama?" Nikaweka kichwa mezani karibu na zile pulla nikalia, mtu mzima na aproni yangu. Kesho ilikuwa Jumapili. Nikimaliza kulia huwa nakasirika, na nikikasirika huwa nagonga milango.

"Bwana Veijo! Fungua! Hiki kidude chako kimenisahau!"

Akafungua. "Umejaribu," akasema.

"Nimejaribu kutwa nzima, nimekipamba, na leo hakinijui!"

"Ukijaribu haishiki. Ukiweka ndiyo inashika."

"Na kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza."

Jamani! Kuuliza si ujinga, lakini nitauliza vipi nisichojua kama kipo? Nilitaka kumrushia pulla. Badala yake akavuka korido na kuingia jikoni kwangu, mara ya kwanza tangu mazishi ya Aune, akaketi mbele ya kompyuta. Akahamisha picha zangu chache za zamani kwenye flashi nyingine. Kisha akanionyesha kitufe cha kuweka.

"Ukibonyeza hapa, ya zamani yote yanafutika."

"Yote?"

"Yote."

"Na ikikataa katikati?"

Akalitafakari hilo kwa makini. "Basi itakuwa imekataa."

Faraja iliyoje! Nilikuwa nimeshika kamba moja tu ya kunifikisha kwa dada yangu, imechakaa, haivutiki, na huyu mzee ananiambia niikate ndipo nifunge mpya. Nikafumba macho nikabonyeza. Ikaniambia nitunge neno la siri. Nikaandika neno ambalo siwezi kulisahau, linahusu birika. Mstari wa rangi ukaanza kutambaa. Veijo akatazama saa ya ukutani, akasimama.

"Saa yangu ya sauna," akasema.

Hapo hakuna cha kujadili. Sauna ya jengo, chumba chetu cha kuoga mvuke, iko chini, kila mtu ana saa yake ya wiki, na mtu haombwi kuiacha hata kwa mazishi. Lakini kabla hajatoka alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja pembeni mwa gazeti. "Ya sauti," akasema. "Ikimaliza, fungua dirisha jeusi la kuandikia amri, andika hivi hivi. Itakuuliza neno la siri."

Ikamaliza. Ikazimika, ikawaka, safari hii bila flashi, na mimi ndani yake kwa jina langu: Irja. Nikatamani kuibusu. Nikafungua dirisha jeusi. Nikanakili ule mstari, herufi kwa herufi, miwani puani. Ikauliza neno la siri. Nikaandika herufi ya kwanza.

Hakuna kilichotokea. Hakuna herufi, hakuna nyota, hakuna hata kinukta. Nikabonyeza tena. Hakuna. Nikabonyeza kwa nguvu, kwa kidole gumba, kwa ngumi. Weusi unanitazama. Nikafunga dirisha, nikafungua upya, nikanakili upya, mstari wote ukatokea vizuri, tukifika kwenye neno la siri, kimya. Nikajua imekwisha. Ya zamani nimeifuta, mpya imenikataa, kesho Jumapili, na Saimi hajala.

Nikashuka ngazi zote na viatu vya ndani. Nikapiga mlango wa sauna kwa viganja viwili.

"Veijo Lammela! Toka!"

"Niko uchi," ikajibu sauti kutoka ndani.

"Sijali! Imekataa! Neno la siri haliandikiki!"

"Haliandikiki vipi?"

"Nabonyeza, haionyeshi kitu! Hata nukta! Imekufa ganzi!"

Nikasikia maji yakimwagwa juu ya mawe, na mvuke ukilia. Haki ya Mungu alimwagia mawe kwanza ndipo akanijibu. Halafu ikaja hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake. Kumbe watu wa Häme wakishapata moto mgongoni wanafunguka.

"Irja. Haionyeshi kwa makusudi. Mtu akichungulia begani asijue hata herufi ni ngapi. Inasikia kila unachobonyeza. Haitikisi kichwa, hiyo tu. Andika mpaka mwisho, bonyeza kitufe cha kuingiza, subiri."

"Sasa nitajuaje kama inanisikia?"

"Hujui. Unaandika tu."

"Na ikimaliza itaniambia?"

"Kama kuna ubaya itasema. Kama hakuna ubaya hainaga la kusema."

"Haya makubwa! Imetengenezwa na watu wa Häme?"

Hapo, nisikilizeni vizuri, nikamsikia Veijo Lammela akicheka. Kicheko kifupi, cha kukohoa, lakini cheko. "Funga mlango wa nje," akasema, "baridi inaingia."

Nikapanda. Nikaketi. Nikaandika neno la siri kwenye utupu, herufi moja baada ya nyingine, bila dalili yoyote kwamba kuna anayepokea. Mwisho nikabonyeza, nikaikunja mikono yangu mapajani, nikasubiri. Maandishi yakaanza kukimbia. Yakakimbia, yakasimama. Hakuna "hongera," hakuna "tayari," ila kinukta kinapepesa. Nikafungua redio ya intaneti, na muziki wa dansi ya tango, wa kodiani, ukalipuka jikoni kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka sauna.

Nikacheza, ndiyo, peke yangu na kitambaa cha vyombo. Nikiwa nacheza nikawafikiria watu ambao Veijo aliwataja kwa neno moja tu la msaragambo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuna mtu mahali fulani, sijui Brazil, sijui Poland, alikaa akahangaika ili sauti itoke kwenye mashine kongwe kama yangu, na hakuniuliza nina nini cha kumlipa. Walikusanya majani kwenye ua ambao hawataukanyaga. Nilizoea kudhani shukrani ni deni la shingoni, na kumbe wale nitawalipa wapi, hata majina yao siyajui. Shingo yangu ikawa nyepesi. Nikasema "asanteni" kwa sauti, kwa kompyuta, iwafikishie.

Jumapili ikafika. Nikachana nywele, nikapiga. Uso wa Ebba ukatokea, akafunika mdomo kwa furaha. "Bi Irja! Umekuja!" Akageuza kishikwambi.

Mungu wangu. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Mezani mbele yake bakuli la supu ya blueberi, yale matunda ya msituni ya tangu utotoni, haijaguswa.

"Dada," nikasema. "Ni mimi. Irja. Samahani nilikatika."

Alinitazama. Macho yapo, uso haupo. Nikamwambia habari za masika. Hakuna. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Hakuna. Nikachokoza haraka haraka: "Na birika je, dada? Ulilolitumbukiza?" Nikangoja akunje uso. Hakukunja. Hajawahi kukosa kunijibu hilo, hata siku moja, na sasa lilipita juu yake kama upepo.

Ebba alisubiri, kisha akasema kwa upole, "Bi Irja, labda leo tumwache. Amechoka. Nadhani yeye hatusikii tena." Mkono wake ukaja mbele ya skrini kuifunga.

"Usikate!" nikapiga kelele. "Ebba, usiguse! Anasikia."

"Umejuaje?"

"Sijui! Mwache tu."

Mkono ukarudi. Nami nikaanza kuongea. Sikuongea kama ninavyoongeaga, kwa kudai jibu kila baada ya sentensi. Niliongea kama nilivyoandika lile neno la siri, nikiweka moja baada ya jingine kwenye utupu, bila kungoja nukta. Nikamsimulia piirakka za mama na jinsi alivyougombeza unga. Nikamsimulia mitambo ya kufuma, kelele zake, na lile fundo la wafumaji tulilofundishwa na bibi Hellin, mfumaji wa zamani, tukiwa na vidole vyembamba. Nikamsimulia baba. Chai yangu ilikuwa imepoa kando, koo limekauka, uso wake haukusogea. Nikaendelea. Mwisho nikafika kisimani. Nikasimulia yote tangu mwanzo: birika lilivyong'aa, lilivyotoka dukani likiwa limefungwa kwa karatasi, Saimi alivyolibeba kwenda kulisuuza, Saimi alivyoinama, Saimi alivyoteleza mkono, *chubwi*, na Saimi alivyonisingizia mimi mtoto mdogo asiye na kosa.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nizaliwe. Nikafunga mdomo. Nikasubiri.

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nikaona kidole cha Saimi kimesogea mezani. Nikaona paji la uso, polepole, polepole kabisa, likijikunja.

"Muongo," akasema Saimi.

Sikujibu.

"Muongo we," akasema, kwa sauti ya kutu. "Ni wewe. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya kisima."

Nikalia na kucheka kwa pamoja, hata sijui nilisema nini. Ebba hakuelewa neno hata moja, lakini alikuwa na akili: alichota supu, akaleta kijiko. Saimi akakitazama. Akanitazama mimi, bado amekasirika, akafungua mdomo, akala. Akala cha pili. Midomo ikawa ya zambarau kama tulivyokuwa tukirudi msituni, na kati ya kijiko na kijiko alikuwa ananinyooshea kidole.

Jioni nikagonga mlango wa Veijo na sinia la pulla. Akafungua.

"Amekula," nikamwambia. "Bwana Veijo, dada yangu amekula, bakuli zima, na ameniita muongo. Ahsante. Sijui nikuambie nini zaidi. Ahsante sana, jirani."

Hakusema kitu. Alisimama pale, mkono juu ya kitasa, anatazama zile pulla. Zamani ningejaza hicho kimya kwa maneno ishirini, au ningegeuka na kuondoka nikisema jiwe hilo. Nikasimama tu.

"Ingia," akasema baadaye. "Kahawa ipo."

Tukanywa kahawa. Hatukuongea sana. Siku hizi Jumamosi, yeye akitoka sauna, anapita kwangu, na mimi nasimulia, yeye anasikia. Hatikisi kichwa, hiyo tu. Na Jumapili nawasha mashine yangu, inaniuliza neno la siri, naandika, nampata dada yangu.

Na birika ni yeye. Nitamwambia tena Jumapili.